Mteja Anaporudisha Mzigo: Mwongozo kwa Anayeuza Mtandaoni

Kwenye maduka mengi, kuanzia Kariakoo hadi River Road, ukutani kuna kibao chenye maneno machache: mali ikishauzwa hairudishwi. Dukani kibao hicho kina mantiki yake. Mteja ameshika kitambaa akakivuta, amekwenda nacho mlangoni kukitazama kwenye mwanga, au ameomba pasi ichomekwe kwenye umeme aione ikipata moto. Akilipa, amelipia alichokiona. Wewe unayeuza kwa Instagram, WhatsApp au Facebook umekichukua kibao kile kile ukakiweka juu ya ukurasa wako, na mteja wako hajashika chochote. Ameona picha, tena pengine picha ambayo hukuipiga wewe, akatuma pesa kwa mtu asiyemjua, akakaa kusubiri.

Nakushauri ukitoe. Kinakufukuzia wateja waoga, ambao ni wengi, na hakikulindi pale unapodhani kinakulinda.

Tanzania na Kenya zote zina sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, na zote mbili zina asili yake katika sheria ya Uingereza ya 1893. Zinasema mambo mawili ambayo muuzaji wa mtandaoni anapaswa kuwa nayo kichwani. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Na mnunuzi ambaye hakupata kuikagua kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Kenya imekwenda mbali zaidi kwa Sheria ya Kumlinda Mteja ya 2012: kwa makubaliano ya intaneti, usipompa mnunuzi taarifa zinazotakiwa kabla hajakubali, ana siku 7 tangu apokee nakala ya makubaliano kuyavunja. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza matangazo yanayopotosha, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ina sehemu nzima kwa ajili ya mnunuzi wa mtandaoni. Sheria hiyo ya 2015 pia inakubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Kwa hiyo mazungumzo yenu ya WhatsApp yanaweza kusomwa mbele ya hakimu, maneno yako na yake.

Wafanyabiashara wa Pwani waliosoma fiqhi wanalijua jambo hili tangu zamani kwa jina la khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwepo kabla ya mauzo, naye hakuambiwa, ana hiari ya kurudisha. Deni hili basi ni la kale kuliko simu iliyo mkononi mwako. Kilichobadilika ni kwamba mteja yuko Dodoma, wewe uko Dar es Salaam, na kati yenu kuna basi, bodaboda na muamala wa simu. Ugomvi mwingi wa kurudishiana pesa huzaliwa hapo katikati, na mwingi unaweza kuuzuia kabla mzigo haujatoka mlangoni kwako.

Masharti yasomwe kabla ya kulipa

Andika masharti ya kurudisha kwa lugha ya kawaida, yasizidi mistari sita. Kwa mfano:

"Ukipokea mzigo, ukague na utupe taarifa ndani ya saa 48. Kama tumekosea bidhaa, rangi au saizi, au ina kasoro, tunabadilisha au tunarudisha pesa yote pamoja na nauli ya mzigo. Kama umebadili mawazo, tunabadilisha ikiwa bidhaa haijatumika na lebo yake ipo. Nauli ya kwenda na kurudi ni yako. Nguo za ndani, hereni na vipodozi vilivyofunguliwa havirudishwi isipokuwa vina kasoro."

Nimeandika saa 48 kwa makusudi. Kuna wauzaji wanaotoa saa 2, wengine wanataka malalamiko papo hapo. Fikiria mzigo unavyosafiri: umefika stendi saa tano usiku, umechukuliwa kesho yake na shemeji, umekaa kwa shemeji mpaka mwenye nao atoke kazini. Muda mfupi kupita kiasi hauwazuii wadanganyifu. Unawanyima haki watu waaminifu, na mtu mwaminifu aliyenyimwa haki ndiye atakayekuandika vibaya kila mahali.

Usitegemee kwamba mteja ameyasoma masharti kwenye ukurasa wako. Wengi wameiona posti yako kwa kutumiwa na rafiki, hawajawahi kufika ukurasani. Yatume kwenye mazungumzo, chini ya jumla ya bei na nauli, kabla hujatoa lipa namba au till, na usubiri ajibu "sawa". Neno hilo moja lina uzito kuliko maelezo marefu utakayoyatoa baada ya ugomvi kuanza. Kama mmekubaliana kwa simu au kwa sauti, andika ujumbe mfupi wa kurudia mliyosemezana: gauni la kijani kibichi, saizi 14, Sh45,000, nauli Sh5,000, linaondoka kesho kwa basi la asubuhi.

Kipimo kinamaliza nusu ya kazi

Anayeuza nguo anajua kwamba malalamiko makubwa ni mawili: halinitoshi, na rangi siyo. Yote mawili yanatibika.

Saizi iliyoandikwa kwenye lebo haina maana ukiiacha peke yake. Saizi 12 ya kutoka Uturuki si saizi 12 ya kutoka China, na hata viwanda viwili vya mji mmoja havilingani. Chukua futi ya fundi cherehani. Laza gauni mezani, lifunge zipu, lipapase mpaka likae bila mkunjo. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha zidisha mara mbili: hicho ndicho kifua. Shuka kwenye kiuno mahali pembamba kuliko pote, fanya vivyo hivyo, halafu nyonga, halafu urefu kutoka begani hadi kwenye pindo. Andika kwa inchi, kwa sababu ndizo ambazo mafundi wetu hupimia na ndizo mteja alizozizoea. Sema kama kitambaa kinavutika au la. Kisha mwombe mteja apime nguo yake mwenyewe inayomkaa vizuri, kwa namna hiyo hiyo, akutumie vipimo. Ukiona kifua chake ni inchi 40 na gauni ni 38 lisilovutika, mwambie wewe mwenyewe kwamba halitamfaa. Umepoteza mauzo ya leo na umeepuka nauli mbili za basi, na mara nyingi mteja huyo hurudi, kwa kuwa umemwambia ukweli ambao pesa yake ilikuwa tayari kuununua.

Rangi ni shida ya mwanga. Taa ya duka huufanya udhurungi uonekane mwekundu, na vichujio vya simu hukoleza kila kitu. Piga picha moja mlangoni, saa za mchana, bila kichujio, na uiweke pamoja na zile nzuri za mwanamitindo. Kama picha uliyonayo ni ya kiwandani tu, sema hivyo. Kwa mitumba, onyesha dosari kwa ujasiri: "ina doa dogo kwenye pindo, tazama picha ya tatu." Doa lililotangazwa halina mgogoro.

Kwa simu na vifaa vya umeme, bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI kwenye risiti, na piga picha risiti hiyo ikiwa kando ya simu yenyewe. Kama simu imetumika, eleza hali ya betri, kioo kama kimebadilishwa, na kama kuna kitu kisichofanya kazi. Unaponunua kwa jumla, jaribu kila kifaa dukani kabla hujaondoka, na muulize mwenye duka waziwazi: kikirudishwa na mteja wangu kwa kasoro ya kiwandani, utanibadilishia ndani ya siku ngapi? Usimwahidi mteja wako siku 7 kama aliyekuuzia amekupa 2, isipokuwa uko tayari kuzibeba hizo tano mwenyewe. Madalali wanaouza vitu wasivyovishika wanaumia hapa kuliko wote: pesa ya mteja imeshapita mkononi mwao, na mwenye stoo hawajui wala hawamhusu.

Siku ya kufunga mzigo

Rekodi video moja isiyokatwa. Anza na bidhaa, ionyeshe pande zote, onyesha lebo au namba yake, iweke ndani ya mfuko au boksi, funga, bandika karatasi yenye jina la mteja, maliza kwa kuonyesha hiyo karatasi kwa karibu. Haizidi dakika moja. Itunze angalau siku 30, na zaidi kwa vitu vya bei kubwa.

Ukituma kwa basi, jina la mpokeaji liwe lile lililo kwenye kitambulisho chake, na risiti ya mzigo itumwe kwake kwa picha siku hiyo hiyo. Soma masharti yaliyochapishwa kwenye risiti kuhusu fidia, hasa kama umetuma kitu kinachovunjika, na taja thamani ya mzigo unapoulizwa. Ukituma kwa bodaboda, mpe mteja namba ya dereva na umwombe dereva asubiri dakika chache mzigo ufunguliwe mbele yake. Muongezee kidogo kwa ajili ya kusubiri. Kasoro inayoonekana dereva akiwa bado mlangoni ni jambo la dakika tano, mzigo unageuka naye. Inayoonekana kesho ni mazungumzo ya wiki nzima.

Wapo wanaomtaka mteja naye arekodi video ya kufungua mzigo, la sivyo hawamsikilizi. Mwombe, kwa kuwa inasaidia pande zote mbili, lakini usiifanye sharti la kufa na kupona. Si kila mtu ana simu yenye nafasi, na mama wa miaka 60 aliyeagiza sufuria hawezi kunyimwa haki yake kwa kuwa hakujirekodi akifungua boksi. Picha zilizopigwa mapema zinatosha kwa mambo mengi.

Malalamiko yanapoingia

Mteja mwenye hasira anaandika kwa herufi kubwa, anasema wewe ni tapeli, anatuma sauti tatu mfululizo. Jibu ndani ya saa moja kama unaweza, kwa maandishi, na jibu liwe na mambo matatu: pole, ulichokiona, na saa utakayompa uamuzi. Mfano:

"Pole sana dada yangu kwa usumbufu. Nimeiona picha, zipu imeachia kweli. Naomba picha moja ya zipu kwa karibu na moja ya lebo. Kabla ya saa 10 jioni leo nitakwambia tunalimalizaje."

Akiwa mtu mzima, anza na shikamoo hata kama yeye ameanza na matusi. Kumpa pole si kukiri kosa, na heshima ya kwanza hushusha sauti ya watu wengi. Unachopaswa kuepuka ni kumuuliza maswali yanayomshuku kabla hujaona picha, na kumwacha na alama mbili za buluu bila neno. Ukimya wa muuzaji, kwa mteja aliyekwisha tuma pesa, unasomeka kama wizi.

Kisha panga kisa chake. Kama kosa ni lako, umepeleka rangi nyingine au bidhaa ina kasoro ya tangu mwanzo, lipa kila kitu: bei, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na makato ya muamala. Usimkate mteja hata shilingi ya kutolea. Hata hivyo kabla ya kusafirisha chochote, piga hesabu. Gauni la Sh45,000 lililoachia zipu, nauli Sh5,000 kwenda na Sh5,000 kurudi, tena Sh5,000 kupeleka jingine. Fundi wa mtaani kwake atabadilisha zipu kwa pesa ndogo kuliko nauli moja. Mwambie: "Naweza kukutumia pesa ya fundi sasa hivi ubaki nalo, au ulirudishe nikupe pesa yako yote. Chagua wewe." Wengi huchagua fundi, na wanachagua kwa radhi kwa sababu mlango wa pili ulikuwa wazi. Ukimpa njia ya fundi peke yake, ataona unamkwepa. Na kwa kitu cha Sh8,000 kilicho Mwanza, mrudishie pesa, mwachie na kitu chenyewe. Hakistahili safari.

Kama mzigo umeharibika njiani, kumbuka kwamba mteja alifanya biashara na wewe, hakufanya na basi. Mmalizie yeye kwanza, kisha wewe udai kwa msafirishaji ukiwa na risiti na video yako. Kumtuma mteja akagombane na ofisi ya mizigo ya kampuni aliyoichagua mwingine si haki.

Kama amebadili mawazo tu, hapo una haki ya kusimama kwenye masharti mliyokubaliana. Badilisha, mpe nafasi ya kuchagua kingine cha thamani hiyo, nauli iwe juu yake. Sema hivyo kwa upole na bila kuomba radhi kupita kiasi, kwa sababu hujamkosea.

Linabaki kundi la nne, la wadanganyifu. Ni dogo, nami nakusihi usiwapime wateja wote kwa kipimo chake. Kuna anayevaa gauni kwenye sendofu Jumamosi na kulirudisha Jumatatu likinukia manukato. Kibandiko kikubwa kilichoshonwa mahali panapoonekana, kisichoweza kurudishiwa kikikatwa, kinamaliza kesi hiyo. Kuna anayerudisha simu ya zamani kwenye boksi la mpya, na hapo IMEI kwenye risiti inasema yenyewe. Kuna anayedai boksi lilikuwa tupu: linganisha uzito kwenye risiti ya msafirishaji, kama uliandikwa, na video yako ya kufunga. Ukiwa na ushahidi, utume, sema uamuzi wako mara moja, na usirudi kwenye mabishano. Ukiwa huna, na kiasi ni kidogo, lipa, kisha rekebisha mwanya uliomruhusu.

Pesa inavyorudi

Hapa ndipo wauzaji wanapoibiwa kwa ujinga wa haraka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza hakikisha pesa iliingia. Meseji ya kughushi yenye maneno yale yale ya M-Pesa hutumwa kutoka namba ya kawaida, nawe ukiwa na wateja wengi unaisoma nusu nusu. Angalia salio lako mwenyewe, kwa *150*00# kwa M-Pesa ya Tanzania, au *334# ya Kenya, kabla ya kupeleka mzigo na tena kabla ya kurudisha pesa. Mtu aliyelipa kwa meseji bandia anaweza kughairi saa moja baadaye na kuomba arudishiwe pesa ambayo hukuipokea kamwe.

Pili, pesa irudi kwenye namba ilikotoka. Mteja akisema "nitumie kwa namba hii nyingine, ile imeharibika", kataa kwa adabu mpaka umpigie kwa namba aliyoagizia na kumsikia. Matapeli hufuatilia maoni chini ya posti, wanaona mtu analalamika, wanajifanya ndiye. Kuna hali moja inayoivunja kanuni hii: mteja aliyelipa kwa wakala. Pesa hiyo imekuja kutoka namba ya wakala, ukiirudisha huko imepotea kwa mwenye pesa. Kwa huyo, piga simu, na unapotuma hakikisha jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri ni lile lililoandikwa kwenye oda.

Tatu, mpangilio. Kosa likiwa lako na picha zimelithibitisha, rudisha pesa mara mzigo unapokabidhiwa kwenye basi au kwa bodaboda, usisubiri ufike. Akiwa amebadili mawazo, pesa itoke baada ya wewe kuikagua bidhaa. Kwa simu na vitu vya thamani, kagua kwanza katika hali zote, na umwambie mapema kwamba utafanya hivyo na itachukua muda gani. Ukishatuma, mpelekee picha ya muamala na uandike: "Nimerudisha Sh50,000 kwa gauni la kijani, oda ya tarehe fulani." Maneno hayo yanafunga jambo.

Mteja naye anaweza kuomba muamala urejeshwe bila kukuambia. Kenya, kusambaza meseji ya muamala kwenda 456 kunaanzisha ombi hilo. Utaratibu umewekwa kwa ajili ya pesa iliyotumwa kimakosa, lakini hutumiwa pia na mtu aliyepokea mzigo wake salama. Usimfokee mteja. Wasiliana na kampuni ya simu siku hiyo hiyo ukiwa na oda, masharti aliyoyakubali na uthibitisho wa kupokea.

Kwa wanaouza nje, vikapu, batiki au vinyago kwa watu wa Ulaya na Marekani, saa inakwenda tofauti. Mnunuzi wa PayPal ana siku 180 tangu alipe kufungua mgogoro, na kwa madai mengi ya kadi ya Visa muda ni siku 120. Kwa anayedai kwamba mzigo haukufika, kinachoamua kesi ni namba ya kufuatilia mzigo inayoonyesha umefika kwenye anwani ile ile iliyo kwenye muamala. Kama pesa yako ya PayPal huihamishia M-Pesa, jambo linalowezekana Kenya tangu 2018, usiitumie yote siku ya kwanza. Jibu kila notisi kabla ya tarehe yake, kwa sababu asiyejibu hushindwa bila kusikilizwa.

Na kama uko Kenya na ulishatoa ankara ya kodi ya eTIMS, marejesho nayo yaandikwe kwenye mfumo huo, la sivyo utalipia kodi pesa iliyokwisha kurudi kwa mwenyewe. Kwa mashine ya risiti ya EFD ya Tanzania, uliza ofisi yako ya kodi, TRA, utaratibu mapema, kabla jambo halijatokea.

Mbele za watu

Mteja anapokuja kulalamika kwenye maoni, jibu hapo hapo mara moja tu: umeliona, umemwandikia faragha, utalimaliza lini. Ukishalimaliza, rudi uandike kwamba limekwisha. Usifute maoni yake, wasomaji wengine wameshayaona na kufuta kunakufanya uonekane unaficha. Usitoe hadharani picha yake, namba yake wala mazungumzo yenu, hata kama yeye ndiye mwongo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwaka 2023 sehemu moja ya starehe jijini Nairobi ilitozwa Sh1,850,000 za Kenya kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake.

Kuna malalamiko ya aina nyingine ambayo huumiza sana: mtu anadai pesa kwako kumbe alilipa kwenye ukurasa bandia ulioiba jina na picha zako. Mwombe meseji ya muamala, mwonyeshe kwamba jina la mpokeaji si lako, na msaidie kuripoti ukurasa ule na ile namba. Kisha bandika juu ya ukurasa wako jina kamili linalotokea mteja anapolipa. Yeye ameibiwa pesa, wewe umeibiwa jina, na mnatafuta mtu mmoja.

Kwa oda za kuagiza kutoka Guangzhou au Dubai, ugomvi mkubwa huwa ni kuchelewa. Andika tarehe ya mwisho, siyo "wiki mbili tatu", na uiweke mbele kuliko unavyotarajia. Sema kianzio kinarudishwa lini na lini hakirudishwi. Meli ikichelewa, mwambie mteja siku unayojua, usingoje aulize. Tarehe ya mwisho ikipita, mpe hiari ya kusubiri au kuchukua kianzio chake chote. Wauzaji wanaokizungusha kianzio cha huyu kumnunulia yule hawawezi kutimiza sharti hili, na ndio wanaofunga kurasa usiku.

Mkishindwana kabisa, Tanzania mteja anaweza kulipeleka lalamiko Tume ya Ushindani, FCC, na Kenya kuna Mamlaka ya Ushindani. Kenya pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, kwa madai yasiyozidi Sh1,000,000 za Kenya, ambako hukumu inatakiwa kutolewa ndani ya siku 60. Mahakama hiyo iko wazi kwako pia, pale mteja aliyepokea mali anapogoma kulipa.

Bidhaa iliyorudi usiirudishe rafuni kimyakimya. Ikague siku hiyo, iandike kwenye daftari pamoja na sababu, kisha iuze kwa bei ya chini ukisema wazi kwamba imerudishwa na kwa nini. Daftari hilo lisome kila mwisho wa mwezi. Ukiona viatu vya aina moja vimerudi kwa sababu ile ile kwa wateja watatu, iondoe ile posti, hata kama stoo bado una pea 20.